Sura ya Saba: Grauti Kati ya Mawe Yasiyolingana Kingo

Swali hili huulizwa kila mvua zikipita. Mtu amenunua mawe ya Mazeras ya kutandaza barazani, au ya Galana kwa njia ya kutoka getini hadi mlangoni. Fundi ameyapanga vizuri, nyumba imependeza, picha zimeshatumwa kwa ndugu. Masika yakiisha, saruji iliyojazwa katikati ya mawe inaanza kubanduka. Ukiigusa kwa ncha ya kiatu inatoka kipande kizima. Kwa jirani, aliyeweka taili za dukani, hakuna kilichong'oka. Sasa mwenye nyumba anataka kujua: ni jiwe baya, ni saruji mbovu, au ni fundi?

Mara nyingi jiwe halina kosa, na saruji haina kosa. Kilichoharibu kazi ni kuichukulia nafasi iliyo kati ya mawe kuwa ni masalio tu, kitu cha kuzibwa siku ya mwisho fundi akiwa anakusanya vyombo vyake. Kwenye taili za kiwandani unaweza kuponea hapo, maana mashine imezikata kingo zote sawa: ukiacha milimita 3 mwanzo wa mstari, utakuta milimita 3 mwisho wake. Jiwe lililopasuliwa kwa nyundo na patasi halina hesabu hiyo. Hapa limekaribiana na mwenzake hadi milimita 5, na shibiri moja mbele yametengana milimita 30. Nafasi ya namna hiyo ni sehemu ya sakafu yenyewe, na huamuliwa kabla jiwe la kwanza halijalazwa.

Kwanza tuelewane kwa maneno. Kiungio ni ile nafasi iliyobaki kati ya jiwe na jiwe. Grauti ni mchanganyiko wa kukijaza. Mota ni saruji, mchanga na maji vilivyochanganywa kwa ajili ya kulazia jiwe chini au kulibandika ukutani. Na kama tutakavyoona, viungio vikiwa vipana, mota hiyo hiyo, mchanga wake ukichekechwa vizuri, ndiyo inayogeuka kuwa grauti.

Mawe tunayoyazungumzia

Mazeras ni mji mdogo nje kidogo ya Mombasa, kwenye barabara na reli ya kwenda bara. Jiwe linaloitwa kwa jina lake ni jiwe la mchanga: chembe za mchanga zilizoshikana kwa miaka mingi hadi zikawa mwamba, tabaka juu ya tabaka. Wachimbaji hutumia tabaka hizo. Wanapigilia patasi ubavuni, jiwe linafunguka bapa, na rangi hutoka ya maziwa, ya manjano, ya kahawia au nyekundu kadiri ya machimbo. Mawe ya Galana ni ndugu zake, nayo yamechukua jina la mto ule ambao juu huitwa Athi na chini, unapomwaga baharini kaskazini ya Malindi, huitwa Sabaki. Mawe haya yamesambaa hadi Nairobi na kwingineko: njia za bustani, kando ya mabwawa ya kuogelea, maegesho ya magari, kuta za mbele za nyumba.

Kupasuka huko kwa tabaka ndiko kunakoleta uzuri wake na taabu yake. Uso wa juu una mawimbi, unene unabadilika, kipande kimoja kina sentimita 2 na chenzake karibu 4, na kingo zimemeguka popote nyundo ilipoelekea. Ukiagiza yaliyokatwa kwa mashine utapata pembe nne zilizonyooka, lakini utalipa zaidi, na wengi huona jiwe limepoteza sura yake. Sura hii ni ya wale waliochagua kingo za kumeguka. Ni ya wale pia walionunua marumaru au mawe ya chokaa yaliyosuguliwa kwenye pipa hadi kingo zikawa za mviringo, kwa sababu nayo, ingawa vipimo vyake vinakaribiana, mdomo wa kiungio chake haulingani.

Jambo jingine la kujua kuhusu jiwe lako ni unywaji wake. Dondosha matone machache ya maji juu ya kipande kikavu. Maji yakikaa juu yaking'aa kwa dakika kadhaa, jiwe limefunga. Yakizama na kuacha doa jeusi papo hapo, jiwe linakunywa, na litakunywa pia maji ya grauti yako pamoja na rangi yake. Mawe ya mchanga mengi huangukia kundi hili la pili. Jaribio hili halina gharama yoyote, na ni nadra kumwona mtu akilifanya kabla ya kununua.

Upana huamuliwa chini, mawe yakiwa makavu

Panga mawe bila mota kwanza, angalau mita mbili za mraba. Fundi mwenye haraka atakuambia anayaona kwa macho, na pengine anayaona kweli, lakini wewe unayelipa hujayaona. Zungusha jiwe mpaka ukingo wake uelekeane na wa mwenzake. Pale panapojitokeza jino, limegue kwa nyundo ndogo ukigonga kutoka juu kuelekea chini, ili mmeguko uende upande usioonekana.

Kwa mawe yanayokaribia umbo la mraba ipo kanuni inayosaidia: pima tofauti kati ya kipande kikubwa na kidogo, kisha uzidishe kwa tatu. Hicho ndicho kiungio chembamba kabisa unachoweza kuthubutu. Vipande vikitofautiana milimita 4, usijaribu kiungio cha chini ya milimita 12, maana mistari itaanza kupinda na kila jicho litaiona. Kiungio kipana huficha tofauti. Kiungio chembamba huitangaza. Hili ndilo jambo gumu zaidi kuwaelewesha wenye nyumba, ambao wengi wameona picha za sakafu zilizobanana na wanazitaka hivyo hivyo kwa mawe ya kupasuliwa.

Kwa mawe yasiyo na umbo lolote, lengo liwe kati ya milimita 10 na 25. Patakuwa na mahali pengine pamefika 40 au 50, hasa mawe matatu yanapokutana. Pasijazwe saruji tupu. Chukua vijiwe vilivyobaki wakati wa kumega, uvilaze humo kwenye mota sawa na uso wa mawe makubwa, kisha ujaze grauti kuvizunguka. Waashi wa zamani wa mwambao walifanya hivyo hivyo na vipande vya matumbawe kwenye kuta nene. Walijua kwamba pengo kubwa la chokaa tupu hupasuka.

Kisha kuna kina, ambacho husahaulika kuliko upana. Jiwe linapogongwa likae sawa, mota iliyo chini yake hupanda kupitia kiungio. Ikiachwa ikauke huko, juu yake hubaki milimita 3 au 4 tu za kuweka grauti, na hilo ni ganda la kubanduka, hata ungelitengeneza kwa saruji bora namna gani. Siku ile ile ya kulaza, mota ikiwa bado mbichi, kila kiungio kikwanguliwe kwa ncha ya mwiko mdogo au bisibisi kuukuu mpaka kina kifikie angalau theluthi mbili ya unene wa jiwe. Mkabidhi fundi kazi hiyo kwa maneno, mbele ya mashahidi ikibidi. Ukirudi kesho yake utakuta pamekuwa pagumu.

Mchanganyiko gani?

Duka la vifaa lina mifuko midogo ya grauti ya rangi kumi na mbili, na muuzaji atakupa wowote utakaouonyesha kwa kidole. Upana wa kiungio ndio unaochagua:

- Chini ya milimita 3: grauti laini isiyo na mchanga.
- Kuanzia milimita 3 hadi 12: grauti yenye mchanga laini ndani yake. Soma mfuko, kwa kuwa kila mtengenezaji huandika kikomo chake.
- Zaidi ya milimita 12: mota ya kuchanganya mwenyewe, sehemu 1 ya saruji kwa sehemu 3 za mchanga uliochekechwa.

Sababu ya mgawanyo huu ni kunywea. Saruji iliyochanganywa na maji hupungua inapokauka. Mchanga haupungui. Katika ufa wa milimita 2 upungufu huo ni mdogo mno kuonekana, lakini katika nafasi ya milimita 20 iliyojazwa saruji tupu, upungufu hujitokeza kwa nyufa katikati, au kwa mstari mwembamba ubavuni ambapo grauti imeliachia jiwe. Maji huingia humo, jua hupiga, maji hurudi, na mvua zikiisha kipande kimelegea. Mchanga hufanya kazi ya mifupa: chembe zake zimegusana, na saruji imebaki ya kuzishikanisha tu.

Sasa mawe yako yana milimita 5 hapa na milimita 30 pale. Ufuate upana upi? Mchanganyiko ufuate kiungio kipana, na kifaa cha kujazia kifuate kiungio chembamba. Yaani tumia mota yenye mchanga kila mahali, lakini mchanga uchekechwe uwe laini kiasi cha kupita penye milimita 5, na utafute chombo kitakachoufikisha huko. Ukichanganya aina mbili, ya laini kwa nyembamba na ya mchanga kwa pana, rangi zitatofautiana zikikauka, na sakafu itaonekana imetiwa viraka.

Mchanga wenyewe uwe wa mto au wa machimbo, usiwe wa ufukweni. Mchanga wa bahari una chumvi, na chumvi hiyo husafiri na unyevu hadi juu, maji yakikauka inabaki juu ya jiwe kuwa ukungu mweupe usiokwisha kwa kufagia. Hata mchanga wa mto huweza kuwa na tope. Jaza chupa ya plastiki nusu mchanga, ongeza maji, tikisa, uiache usiku kucha. Mchanga utatulia chini na tope litakaa juu yake. Tabaka la tope likikaribia sehemu moja kwa kumi ya mchanga, uoshe au ubadilishe. Kuchekecha kunatosha kwa wavu wa waya wa matundu madogo uliopigiliwa kwenye fremu ya mbao.

Maji ndiyo yanayoharibu kazi nyingi. Mota ya kulazia jiwe hupendwa ikiwa laini. Ya kujazia viungio iwe kavu zaidi. Ichukue kiganjani uifumbate. Ukifungua mkono ibaki donge lenye alama za vidole vyako. Ikibomoka, ongeza maji kidogo sana. Ikikuachia maji kiganjani, imeshazidi, ongeza saruji na mchanga kwa uwiano ule ule. Kila tone la maji lisilohitajiwa na saruji litaondoka baadaye na kuacha tundu mahali pake.

Kuhusu rangi: saruji ya kawaida hukauka kijivu, na kijivu hicho kinaendana na Mazeras ya kahawia, lakini huiua ile ya maziwa. Kwa mawe meupe tumia saruji nyeupe. Ukitaka rangi ya udongo, ongeza unga wa oksaidi kwa kupima, usizidi sehemu moja kwa kumi ya uzito wa saruji, na upime kila karai kwa mizani au kopo lile lile. Fundi anayetia oksaidi kwa kukisia mkono atakupa sakafu ya vivuli vitano. Na ujihadhari na grauti nyeusi kando ya jiwe jeupe linalokunywa: rangi yake huingia ndani ya ukingo na haitoki.

Hesabu ya haraka

Tuseme baraza lina mita 20 za mraba, mawe yana wastani wa sentimita 30, viungio wastani wa milimita 15, na kina cha milimita 25. Kila mita ya mraba itakuwa na karibu mita 6.7 za viungio, ambazo zinameza takriban lita 2.5 za mchanganyiko. Baraza zima ni lita 50. Andaa ndoo tatu za lita 20 za mchanga na ndoo moja ya saruji, yaani nusu mfuko wa kilo 50 na ziada kidogo. Kitu kitabaki, na ni heri kibaki kuliko kuchanganya karai la mwisho kwa saruji ya mfuko mwingine.

Njia mbili za mkato

Njia ya kwanza ni rojo. Fundi anakoroga saruji na maji mpaka inamiminika, anaimwaga juu ya sakafu nzima, anaisukuma kwa mpira hadi viungio vijae, kisha anafuta. Kwenye taili zilizong'arishwa hii ni kazi halali. Kwenye jiwe la kupasuliwa, rojo huingia katika kila kijishimo cha uso, na kufuta kunaisugua izidi kuzama. Baada ya siku mbili mawe yako ya manjano yamegeuka ya kijivu, na huo ndio mwanzo wa kutafuta asidi, ambayo tutaijia.

Njia ya pili inavutia zaidi, maana inaonekana safi. Saruji na mchanga vinachanganywa vikavu, vinafagiliwa ndani ya viungio, kisha sakafu inanyunyiziwa maji. Mwenye nyumba akiuliza kama itashika, atajibiwa: "Mama, wewe usiwe na wasiwasi, hii ikinywa maji inakuwa zege." Juu, kwa kina cha kidole gumba au pungufu, inakuwa hivyo. Chini yake mchanganyiko unabaki unga, kwa sababu maji ya kunyunyizia hayafiki, na tabaka la juu linaposhika huyafungia njia yale yanayofuata. Ukibonyeza kisigino baada ya miezi michache, ganda linavunjika na unga unatoka. Isitoshe, ule unga wa saruji uliobaki juu ya mawe wakati wa kunyunyiza hugandia hapo hapo.

Nimeona njia hii ikifanikiwa kwenye vijia vya bustani ambavyo havipiti watu wengi, mchanganyiko ukishindiliwa kwa tabaka nyembamba na kila tabaka kuloweshwa peke yake. Lakini ukifika kwenye subira hiyo, umeshatumia muda ule ule ambao ungejaza kwa njia sahihi.

Kujaza kwenyewe

Anza mawe yakiwa yamelala angalau siku nzima, mota ya chini ikiwa imeshika. Fagia viungio, toa vumbi na majani. Kama jiwe linakunywa, pakaza uso wake sila, ile dawa ya maji maji inayoziba vitundu, siku moja kabla. Brashi isiteremke kwenye kingo, kwa sababu grauti haitashika mahali palipozibwa.

Chagua saa. Pwani, jua la saa sita linakausha grauti kabla saruji haijapata muda wa kushika maji yake, na kinachobaki ni mchanga unaofutika kwa kidole. Anza alasiri, upande uliokwisha kuingia kivuli, au funga turubai. Lowesha viungio kwa bomba la kunyunyizia au brashi, kisha ungoje maji yaliyotuama yaondoke: jiwe liwe na unyevu, lisiwe na dimbwi.

Chombo kinachofaa kuliko vyote ni mfuko mzito wa nailoni wenye pembe iliyokatwa. Unaubana na mchanganyiko unatoka kwenye pembe, kama mpishi anavyopambia keki, ukielekeza ncha ndani kabisa ya kiungio na kurudi nyuma taratibu. Kwa mfuko huu mota iwe laini kidogo kuliko donge la kiganjani, ipite bila kumwagika. Uzuri wake ni kwamba uso wa jiwe hauguswi, kwa hiyo hakuna cha kusugua baadaye. Pale pa milimita 5 utasaidia kwa kusukuma na kipande cha bati au upanga wa msumeno uliochakaa. Viungio vyenye kina cha zaidi ya milimita 25 vijazwe mara mbili: tabaka la chini lishindiliwe, la pili lifuate likiwa bado bichi.

Jaza kidogo zaidi ya usawa, kisha uache. Hapa ndipo mikono yenye haraka inapoharibu. Ngoja mpaka ukibonyeza kwa kidole gumba alama inabaki lakini kidole kinatoka kikavu. Kwa joto la pwani huenda ikawa nusu saa, kwenye baridi ya Limuru ikawa saa nzima na zaidi. Wakati huo ndipo unapopiga mstari, yaani kukandamiza na kulainisha. Chukua kipande cha nondo ya milimita 12 kilichopindwa mpini, au kipande cha mpira wa maji, ukiburute juu ya kiungio ukikandamiza. Mchanganyiko unashindiliwa pembeni, unagusana na ukingo uliomeguka katika kila kikunjo chake, na uso unafunga. Kazi hii huzidisha maisha ya grauti kuliko dawa yoyote ya kuongeza, na kosa la kawaida ni kuipiga mapema, ikiwa bado inaloa, ambapo maji na saruji hupanda juu na kufanya ngozi dhaifu.

Grauti iishie wapi? Kwa kingo zilizomeguka, ishuke milimita 2 au 3 chini ya uso wa jiwe. Ukiijaza hadi juu, itatandaa juu ya kila mmeguko na kiungio cha milimita 15 kitaonekana cha 30, chenye mipaka ya ukungu. Ikishuka kidogo, kivuli cha ukingo ndicho kitakachochora mstari. Kwa sakafu ya ndani inayopigwa deki kila siku unaweza kuipandisha karibu na usawa ili uchafu usikae, lakini hapo fundi aifuate kwa mwiko mwembamba, jiwe kwa jiwe.

Makombo yaliyobaki pembeni yasifutwe kwa sponji yenye maji. Ngoja yakauke kiasi cha kubomoka, uyakwangue kwa brashi ya katani, kisha pitisha gunia kavu. Vumbi la mbao kavu, likisuguliwa na ufagio, hunyonya ukungu wa saruji uliobaki bila kuongeza tone la maji.

Baada ya hapo ni kumwagilia. Funika kwa magunia yaliyoloweshwa au nailoni kwa siku tatu, saba ikiwezekana. Watu wasikanyage kwa siku nzima, gari lisipite kwa wiki. Saruji huendelea kupata nguvu kwa wiki nne, na inapata nguvu ikiwa na unyevu tu.

*Kwa ufupi, ukitaka kumkagua fundi bila kumsimamia siku nzima: angalia kina cha viungio kabla havijajazwa, fumbata mchanganyiko wake kiganjani, na rudi jioni uone kama magunia yamelowa.*

Kuhusu asidi

Kwenye maduka mengi, dawa ya kuondoa saruji iliyomwagikia taili ni asidi, na huuzwa kwa chupa bila maelezo mengi. Marumaru, mawe ya chokaa na matumbawe ni kitu kile kile kwa asili, na asidi huyala: utaona mapovu, na mapovu hayo ni jiwe lako linaloyeyuka. Kujua kama jiwe ni la jamii hiyo, weka tone la siki au ndimu juu ya kipande cha kutupwa. Likitoa povu, au likiacha doa lililofifia kwenye marumaru iliyong'arishwa, asidi isikaribie sakafu. Mawe ya mchanga mengi hustahimili zaidi, lakini yale yenye madini ya chuma huacha madoa ya kutu ya manjano. Na asidi, hata ikiliacha jiwe salama, haiiachi grauti, kwa kuwa nayo ni saruji. Brashi, maji safi na subira vitumike kwanza. Asidi iliyopunguzwa sana, kwenye jiwe lililokwisha kuloweshwa, iwe ya mwisho kabisa, na ijaribiwe nyuma ya nyumba.

Ukutani mambo hubadilika

Ukuta haukanyagwi, kwa hiyo grauti yake haihitaji ugumu wa sakafu. Inahitaji kushika bila kuporomoka, na inahitaji kuliacha jiwe lipumue. Tumia sehemu 1 ya saruji kwa 4 za mchanga, au, kwa jiwe laini, sehemu 1 ya saruji, 1 ya chokaa na 6 za mchanga. Chokaa hufanya mchanganyiko unate kwenye mwiko na uvumilie mtikisiko mdogo wa ukuta bila kupasuka.

Kanuni ya msingi ni kwamba grauti isiwe ngumu kuliko jiwe. Ukitaka kuona kinachotokea ikipuuzwa, tembea Mji Mkongwe wa Unguja, Lamu, au mitaa ya kale ya Mombasa. Kuta zile zilijengwa kwa matumbawe na chokaa iliyochomwa kutokana na matumbawe hayo hayo. Unyevu uliopanda kutoka ardhini ulitoka kupitia chokaa. Pale palipozibwa kwa saruji ngumu wakati wa ukarabati, unyevu ulikosa njia ukaelekea kwenye jiwe, chumvi ikakaukia ndani yake, na sasa viungio vya saruji vimesimama vizima huku jiwe la kando limeliwa na kuacha shimo. Mwenye nyumba ya namna hiyo atafute chokaa, ingawa inachelewa kukauka.

Ukutani jaza kuanzia juu ukishuka, ili makombo yasidondokee kazi iliyokwisha. Mfuko wa kubana ni bora zaidi hapa kuliko sakafuni. Na upo uamuzi wa kutoweka grauti kabisa: mawe membamba yaliyolazwa yakibanana, kila moja likiegemea mota ya nyuma, huonekana yamepangwa makavu. Ni kazi nzuri ndani ya nyumba au chini ya paa. Nje, penye mvua ya upepo, maji yatapata njia nyuma ya mawe, na nyigu watapata nyumba.

Pasipotakiwa grauti

Sakafu ya mawe hutanuka juani na kunywea usiku. Ikiwa imekazwa kwa saruji kutoka ukuta hadi ukuta, itatafuta mahali pa kupasukia. Kwa hiyo acha kiungio cha kuzunguka kote sakafu inapokutana na ukuta, nguzo au ngazi, na kingine kila mita 3 au 4 kwa baraza la nje. Viungio hivi hujazwa silikoni au dawa nyingine inayovutika, yenye rangi ya kukaribia grauti. Kwa mawe yasiyo na umbo mstari huo utapindapinda ukifuata kingo, na hilo ni sawa, mradi ushuke hadi kwenye mota ya chini na pale zege la chini lilipoachiwa mwanya ufuate mwanya huo huo.

Grauti ikishang'oka

Kabla ya kujaza upya, gonga kila jiwe kwa mpini wa nyundo. Mlio mzito maana yake jiwe limekaa. Mlio wa uwazi, au jiwe likicheza chini ya mguu, maana yake shida haiko kwenye grauti. Jiwe linalocheza litavunja grauti yoyote, kwa hiyo ling'olewe, mota ya zamani itolewe, lilazwe upya kwa mota iliyojaa chini yake yote. Mafundi wanaoweka madonge manne pembeni na kuacha katikati tupu ndio wanaowapa kazi mafundi wa kukarabati.

Angalia pia mteremko. Baraza la nje lishuke sentimita 1 hadi 2 kwa kila mita kuelekea uani, na kama maji yanatuama, hakuna grauti itakayodumu hapo kabla mteremko haujarekebishwa.

Mawe yakiwa yamekaa na maji yanaondoka, basi ni viungio tu. Vitoe kwa patasi nyembamba na nyundo ndogo, ukigonga katikati ya grauti na si ukingoni. Mashine ya kukatia ina kasi zaidi, lakini haifuati ukingo uliopinda na huacha makovu yaliyonyooka kwenye jiwe. Toa mpaka kina kirudi milimita 20 au zaidi, hata kama juu panaonekana pazima. Fagia, lowesha, jaza, ngoja, piga mstari, mwagilia. Rangi ya kiraka itatofautiana na ya zamani kwa miezi, kwa hiyo kama zaidi ya robo ya viungio vimeharibika, toa vyote mara moja na ununue saruji ya sakafu nzima siku hiyo hiyo.